Muuguzi Naye Husoma Gazeti



Mwezi huu hatukuja na mas'ala ya fiqhi wala khabari za sikukuu. Tumekuja na jambo lililotufika sisi wenyewe nyumbani, nasi kwa kweli twaona haya kulieleza. Walakini tumeona kwamba haya zetu hazimfai mtu, na huenda khabari yenyewe ikamfaa mwenye mke mja mzito, au kijana wetu asomeaye kazi ya uuguzi.

Mwishoni mwa mwaka 2014 binti yetu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Siku moja asubuhi alikwenda zahanati kuangaliwa, na kudungwa ile sindano ya pepopunda wadungwayo wanawake wenye mimba. Alirudi mapema kuliko tulivyotazamia. Tukamwuliza, "Umekwisha dungwa?" Akajibu, "La, Baba. Sista ameniambia nisubiri." Tukamwuliza asubiri nini. Akasema kwamba yule sista alimvuta kando, akamnong'oneza ya kuwa dawa ipo na amri ya kudunga ipo, lakini magazeti yameandika mambo, na yeye naye ni mama mwenye watoto wa kike, hawezi kumficha mwenziwe. "Ukitaka nitakudunga sasa hivi. Lakini lau ungekuwa mwanangu, ningekwambia ngoja kwanza tuone."

Mlitazame vema neno hilo. Sista hakumkataza. Hakusema dawa ni mbaya. Alisema nusu ya neno tu, tena kwa huruma. Lakini aliyelisema ni mtu aliyevaa nguo nyeupe na sindano mkononi, na binti yetu akaondoka na nusu ile kana kwamba amepewa fat'wa.

Kesho yake tulikwenda wenyewe kumwona. Alitukaribisha kwa adabu, akatupa kiti. Tukamwuliza khabari hizo amezipata wapi. Alilotujibu tutalieleza mbele, kwa kuwa kwanza twapenda msomaji ajue kwa nini jambo hili lilitukosesha usingizi, na kwa nini tumeona si la zahanati yetu peke yake.

Pepopunda ya watoto wachanga wazee wetu waliijua sana. Mtoto huzaliwa mzima, akalia, akanyonya siku mbili za mwanzo bila ya tatizo lolote. Kisha, baina ya siku ya tatu na mwisho wa mwezi wake wa kwanza, taya hukaza asiweze kunyonya, mwili ukawa mkavu kama ubao, na kila aguswapo au asikiapo kishindo hushituka na kupinda mgongo. Wengi wapatao maradhi haya hufa wasipowahi matibabu ya hospitali. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, navyo huingia penye kitovu kilichokatwa kwa wembe usio safi au kilichopakwa visivyofaa kupakwa. Mama aliyedungwa humpa mwanawe kinga kwa njia ya damu tangu yumo tumboni. Lakini kinga hiyo haiji kwa siku moja. Mwanamke asiyepata kudungwa kabla huhitaji sindano mbili, baina yake muda usiopungua majuma manne, na ya pili itangulie kuzaa kwa majuma mawili angalau. Atakayehesabu kwa vidole ataona kwamba "ngoja kwanza" si neno jepesi. Miezi ya mimba ina idadi, wala haingoji gazeti la kesho.

Basi tulidhani hapo mwanzo kwamba haya ni ya kwetu tu, kwa uchache wa elimu yetu. Tulipotafuta na kusoma, tukaona yamekwisha wafika watu wenye magazeti mengi na hospitali nyingi kutushinda.

Katika nchi ya Wales, iliyo sehemu ya Uingereza, uko mji wa bandari uitwao Swansea. Mwaka 1997 gazeti la sehemu hizo, South Wales Evening Post, lilichapisha mfululizo wa khabari za wazazi waliosema kuwa watoto wao wamedhurika kwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, chanjo tatu zitiwazo katika sindano moja. Wazazi wale walikuwako, na uchungu wao haukuwa wa kubuni. Lakini mtoto kuugua baada ya chanjo si dalili ya kwamba chanjo ndiyo iliyomwuguza. Jogoo huwika, kisha jua likachomoza, wala hapana asemaye kwamba jogoo ndiye aliyelileta. Kwa bahati mbaya hoja ya jogoo haipigwi picha, na mama anayelia hupigwa picha ikatiwa ukurasa wa mbele.

Watafiti walipohesabu baadaye waliona kwamba katika sehemu zisomazo gazeti lile, watoto waliopelekwa kuchanjwa walipungua kwa 13.6 katika kila mia, ilhali katika sehemu nyinginezo za Wales walipungua kwa 2.4 tu. Nchi moja, serikali moja, dawa moja. Walilohitalifiana ni gazeti.

Kabla moto huo haujapoa, mwezi wa Februari 1998, daktari mmoja wa London, Andrew Wakefield, alichapisha pamoja na wenziwe makala katika jarida kubwa la madaktari liitwalo The Lancet. Walieleza watoto 12 wenye maradhi ya tumbo na matatizo ya akili, wengi wao wakiwa na usonji, yaani ile hali ya mtoto kuchelewa kusema na kujitenga na wenziwe, na wakasema kwamba baadhi ya wazazi waliona dalili hizo baada ya chanjo ile. Watoto 12! Darasa letu dogo kabisa la alifu na bee lina watoto zaidi ya hao. Na katika makala yenyewe mliandikwa wazi kwamba uhusiano baina ya chanjo na maradhi haukuthibitishwa. Lakini kulifanywa mkutano na waandishi wa magazeti, na hapo Wakefield akashauri kwamba chanjo hizo zitengwe, kila moja peke yake. Waandishi hawakuondoka na makala. Waliondoka na ushauri.

Magazeti makubwa yakaichukua. Ilipofika mwisho wa 2001 na mwanzo wa 2002, Waziri Mkuu Tony Blair alikuwa na mtoto mchanga, na magazeti yakataka kujua kama mtoto huyo amechanjwa. Baba akakataa kujibu, na kukataa kwake kukawa khabari kubwa kuliko khabari ya chanjo yenyewe. Huko Uingereza watoto waliochanjwa walikuwa kiasi cha 92 katika mia miaka ya kati ya 1990. Ilipofika 2003 na 2004 walikuwa wameshuka hata wakawa kama 80. Na surua, kwa namna isambaavyo upesi, hutaka kiasi cha 95 katika mia wawe wamekingwa ndipo izuilike.

Sasa tufike kwa wauguzi, maana ndio tuliowakusudia. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha matokeo ya maswali waliyoulizwa madaktari wa mitaa, wauguzi wa zahanati, na wauguzi wazungukao majumbani huko kaskazini ya Wales. Karibu nusu yao, 48 katika mia, walikuwa na wasiwasi juu ya kutoa sindano ya pili ya chanjo ile. Na kiasi cha robo ya wauguzi wa zahanati waliona yumkini chanjo ikawa na uhusiano na usonji. Hawa si watu wa njiani. Hawa ndio wenye funguo za kabati la dawa.

Msomaji atauliza, yawezekanaje? Nasi twamjibu kwa kumtazama muuguzi kama alivyo. Muuguzi hakai na darubini. Hakai maktabani akisoma ripoti za kurasa mia tano. Asubuhi huwakuta kina mama 60 wamepanga foleni, watoto wanalia, na karatasi za kujaza zimelundikana. Jioni hupanda matwana kurudi kwake, na abiria aliye mbele yake amefunua gazeti. Nyumbani mumewe analo gazeti. Waraka wa serikali unaomweleza ukweli wa mambo huja baada ya siku nyingi, kwa lugha ngumu, bila ya picha, ukabandikwa nyuma ya mlango. Basi katika kujua dawa inavyodungwa yeye ni mtaalamu, lakini katika khabari za dawa hiyo yeye na mgonjwa wake wamekaa benchi moja, wote ni wasomaji wa gazeti. Tofauti ni kwamba gazeti likisema, mama atatia shaka; muuguzi akirudia lile lile, mama atatia yakini.

Tena kuna jambo jingine, nalo ni aibu. Mama akimwuliza muuguzi, "Sista, ni kweli wasemayo?" yeye huona vibaya kusema "sijui". Basi husema, "Wengine wasema hivi, na wengine wasema vile." Yeye aona amefanya uadilifu. Mama hurudi nyumbani na lile la kuogopesha, na jingine huliacha mlangoni.

Kwa hakika huu uadilifu wa "hivi na vile" ndio tunaouona kuwa mzizi wa mambo, kuliko hata uongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, katika mji mkuu wa Wales, waliwauliza watu wakati khabari hizo zilipokuwa zimechacha mwaka 2002. Zaidi ya nusu ya waliojibu walidhani kwamba, madhali magazeti yanawapa wote wawili nafasi sawa, basi na ushahidi wao ni sawa. Ni 23 tu katika mia waliojua kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa upande wa chanjo. Na mwaka huo huo wa 2002 wataalamu wa Denmark walitoa hesabu ya watoto 537,303, wote waliozaliwa nchini humo kwa muda wa miaka minane, wakalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, wasione kwamba usonji umezidi kwa waliochanjwa. Upande mmoja watoto 12, upande wa pili watoto zaidi ya nusu milioni, na katika gazeti kila upande umepewa aya mbili. Mfanyabiashara akiweka katika mizani yake pishi moja huku na gunia huku, kisha akasema mizani imelala sawa, tutamwita mwizi. Mhariri akifanya hivyo twamwita mwenye insafu.

Na matokeo yake? Watoto wachanga wa siku zile hawakubaki wachanga. Walikua, wakaingia shule za juu. Mwezi wa Novemba 2012 surua ikazuka Swansea na sehemu za jirani, ikaendelea hata Julai 2013. Walioandikishwa kuwa wagonjwa walizidi 1,200, na waliolazwa hospitali walikuwa 88. Wengi walikuwa vijana wa miaka 10 hata 18, ndio wale wale ambao mama zao waliambiwa wangoje. Akafa mtu mmoja, kijana wa miaka 25. Palikuwa na foleni ndefu za kina baba na mama waliokwenda mbio kuwachanja watoto wakubwa, jambo ambalo lingefanyika kwa dakika moja zaidi ya miaka kumi nyuma.

Hatutaki tudhulumu. Aliyeifichua khabari ya Wakefield naye alikuwa mwandishi wa gazeti. Jina lake Brian Deer, wa Sunday Times ya London. Mwezi wa Februari 2004 alionyesha kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kwa njia ya mwanasheria wa wazazi waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo, na kwamba baadhi ya watoto wale 12 walikuwa katika madai hayo hayo, nayo hayakuelezwa katika makala. Wenzake 10 wakajitoa katika tafsiri ya maneno yale. Mwaka 2010 The Lancet likaifuta makala yote, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika daftari la madaktari. Kutoka 1998 hata 2010 ni miaka 12. Mwandishi mmoja alifanya kazi iliyowashinda waandishi wengi, nayo ni kuuliza swali moja: huyu asemaye, nani kampa fedha?

Labuda yuko atakayesema, haya ni ya Wazungu na magazeti yao. La, ndugu. Na sisi tunayo yetu, na ni vema tuyaseme kabla hatujasemewa.

Mwaka 1996, katika mji wa Kano huko Nigeria, palizuka maradhi ya uti wa mgongo, na kampuni ya dawa ya Pfizer ikafanya majaribio ya dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto wagonjwa. Watoto 200 waliingizwa katika majaribio, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine, na 11 kati ya wote wakafa. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Mwezi wa Desemba 2000 gazeti la Marekani, Washington Post, likaieleza khabari hiyo kwa urefu. Gazeti halikusingizia, mwaka 2009 kampuni ilikubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Lakini khabari ya kweli ikitolewa mahali pake ikapachikwa pasipo pake, hufanya kazi ya uongo. Mwaka 2003 ilipokuja chanjo ya matone ya kupooza, watu wakasema: ni wale wale. Aliyesimama mbele kuipinga, Datti Ahmed, aliyekuwa mkuu wa Baraza Kuu la Sharia la Nigeria, alikuwa yeye mwenyewe daktari. Ikasemwa kwamba matone yana dawa ya kufunga uzazi wa watoto wa kike. Mnamo Agosti 2003 Kano ikasimamisha chanjo, na haikurudi hata Julai 2004, baada ya kuletwa matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu.

Katika miezi hiyo virusi havikusimama. Vilitoka Nigeria vikavuka Sudan, vikafika Saudia, na mwaka 2005 vikaingia Yemen vikapoozesha watoto zaidi ya 400, kisha vikafika Indonesia yenyewe, iliyotengeneza dawa, vikapoozesha watoto takriban 300. Twawaza mara nyingi juu ya mtoto mmoja wa Indonesia, hatumjui jina, atembeaye leo kwa magongo kwa sababu ya maneno yaliyosemwa mwendo wa siku nyingi kutoka kwao. Nigeria ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa kupooza kwa virusi vya asili mwaka 2016, na Agosti 2020 bara zima la Afrika likatangazwa kuwa limesalimika na virusi hivyo.

Tukirudi kwetu Kenya, mwaka 2014 serikali ilikuwa ikiwadunga sindano ya pepopunda wanawake wa miaka 14 hata 49 katika wilaya zilizoonekana kuwa na khatari. Baraza la Maaskofu Katoliki likauliza maswali tangu mwezi wa Machi, na mwezi wa Novemba likasema kwamba dawa imepimwa ikaonekana ina homoni ya mimba, na kwamba yaweza kuwafunga wanawake uzazi. Baadhi ya madaktari wakawaunga mkono. Hatuwalaumu kwa kuuliza, kwani kuuliza ni haki ya kila mwenye watu nyuma yake, na baada ya yale ya Kano sisi ni wa mwisho kumnyoshea mtu kidole. Serikali ikakanusha. Shirika la Afya la Ulimwengu pamoja na UNICEF yakajibu kwamba chanjo ile imetumika katika nchi 52 kwa wanawake milioni 130, na kwamba chanjo hupimwa katika maabara ifaayo kwa kazi hiyo, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, si kwa njia ya kupimia damu ya mtu. Magazeti yetu yaliyaandika yote mawili, dai na jibu. Lakini dai lilikuja na herufi kubwa.

Sisi waalimu wa chuoni tunayo elimu moja ambayo hatukuazima kwa mtu, nayo ni elimu ya sanad. Kijana wetu wa miaka 14 anajua kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane fulani kaipokea kwa fulani, na fulani huyo alikuwa mtu wa namna gani, na je, alikutana kweli na yule anayemtaja. Na aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamuru kuthibitisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Lakini tukifunga kitabu na kufungua gazeti, elimu hii yote twaiweka rafuni pamoja na kitabu. Hatuulizi aliyesema ameona au amesikia. Hatuulizi ni watu wangapi. Hatuulizi kama khabari ilifutwa baadaye katika ukurasa wa tisa kwa herufi za chungu. Siku hizi gazeti limeingia ndani ya simu, hukatwa kipande tu kikapitishwa bila ya tarehe wala jina la mwandishi, na muuguzi hukipata katika kundi la wafanyakazi wenziwe, akadhani kwa kuwa kimeletwa na muuguzi basi ni cha uuguzi.

Vijana mnaosomea kazi hii, twawaomba jambo moja dogo. Mama akikuulizeni juu ya neno la gazetini, semeni "sijui, nitauliza, rudi kesho kutwa nikujibu", kisha muulize kweli, na mjibu kweli. Sisi tumefundisha miaka mingi, na neno "sijui" halijapata kutupunguzia mwanafunzi hata mmoja.

Sasa turejee kwa yule sista. Tulipomwuliza khabari amezipata wapi, alisema, "Magazetini, Maalim." Tukamwuliza gazeti lipi, la siku gani. Akasita. "Kwa kweli sikulisoma mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyekuja na khabari hizo, alizisikia barazani." Tukaona hapa sasa sanad imeanza kufunguka, tukamwuliza, kama tuwaulizavyo wanafunzi, "Baraza gani? Aliyesimulia ni nani?"

Akainamisha macho. Akasema, "Barazani kwenu, Maalim. Alisema wewe ndiwe uliyewasomea."

Hapo tukakumbuka. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, wazee wamekaa, kahawa inapita, na gazeti limeletwa. Kwa desturi sisi ndio tusomao, kwa kuwa sauti yetu imezoea kusikika. Tulisoma ukurasa wa mbele wote, tena kwa sauti ya juu, tukisimama penye maneno mazito kama mtu wa mimbari. Mwishoni paliandikwa kwamba khabari yaendelea ukurasa wa ndani. Humo ndani ndimo lilimokuwa jibu la serikali na la Shirika la Afya. Sisi hatukulisoma. Baraza zima likaondoka na nusu, na mmoja wao akaifikisha nusu hiyo kwa mkewe, na mkewe akaifikisha kwa binti yetu, na binti yetu akatuletea mlangoni.

Tulikaa na yule sista muda mrefu. Alitoka akarudi na waraka wa serikali, ulikuwa umebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha dawa kwa majuma matatu, hata yeye hakuwa ameusoma hadi mwisho. Tukausoma pamoja, sisi tukitamka, na yeye akitufasiria maneno ya kidaktari. Penye neno alilokuwa na shaka nalo alikwenda kupiga simu kwa mkubwa wake wa wilaya, akarudi na jibu. Kesho yake binti yetu alidungwa sindano ya kwanza, na baada ya majuma manne akadungwa ya pili, na mkono uliodunga ulikuwa ule ule. Mjukuu wetu sasa ni mmoja wa wale wa alifu na bee, na ni mtundu.

Jioni ya siku ile ya sindano ya kwanza tulitafuta nakala ya gazeti lile kwa mtu aliyekuwa amelihifadhi, tukalipeleka barazani, tukawasomea wazee ukurasa wa ndani, wote, bila ya kuruka. Mume wa sista alikuwako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza, "Maalim, mbona siku ile hukutusomea na hii?"

Tukamwambia kweli. Adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia, na mwenye kuuza bajia alikuwa amekwisha uchukua ukurasa wa ndani kufungia.